Mgonjwa wa Ipogolo

Nyumba ya Bi Kaniz iko Ilomba, nyuma ya mashine ya kusaga. Ina milango sita, yote inatazama bomba moja lililo katikati ya ua. Mlango wa kwanza ni wangu. Wa tatu ulikuwa wa Yusta, na habari ninazotaka kuwasimulia ni za Yusta, maana kila nikizikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka binti yangu Sarah ananiuliza, "Mama, unaumwa?"

Siumwi, mwanangu. Aliyekuwa anaumwa ni mtu wa Ipogolo.

Yusta aliingia nyumba ile siku ya mvua, cherehani kichwani, mtoto mgongoni, viatu mkononi visije vikaloa. Alikuwa anatoka Tukuyu. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walianza kugawana migomba hata matanga hayajaondolewa. Mimi nilikuwepo, nachota maji. Bi Kaniz alikuwa amesimama pale bombani na mwavuli wake, anachunga mnanaa wake usisombwe. Bi Kaniz ni mjane wa mwenye duka la vitambaa kule mjini. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini yeye kazaliwa Mbeya hii hii, na ukimtania kwa Kinyakyusa anakujibu kwa Kinyakyusa na anakushinda. Anakaa nyumba ya mbele, sisi tunakaa ua wa nyuma.

Alimwangalia Yusta anavyochuruzika, akamwuliza, "Unatoka wapi, na kwa nini?"

Yusta akasema yote, mvua ikimpiga, wala hakuficha kitu.

"Chumba cha tatu hakivuji," Bi Kaniz akasema. "Ingia."

"Na mkataba, mama? Hatuandikishani?"

"Karatasi za nini? Marehemu mume wangu alijaza kabati zima karatasi, na waliotaka kumkimbia walimkimbia hivyo hivyo. Mkataba wangu ni huu: umeniambia unatoka wapi na kwa nini. Siku ukiondoka, utasimama hapa hapa bombani, mbele ya wenzako, uniambie unakwenda wapi na kwa nini. Ukweli. Halafu unipe ufunguo mkononi."

"Basi?"

"Basi. Na usimwage maji ya sabuni kwenye mnanaa wangu."

Wote tuliingia kwa mkataba huo, na ndivyo watu walivyotoka. Namkumbuka kijana mmoja alisimama bombani akasema, "Nahamia Uyole, kwa sababu mke wangu na Subilaga hawapatani." Na Subilaga mwenyewe kasimama pale na ndoo yake! Bi Kaniz akamshika mkono yule kijana, akamwambia, "Nenda salama, umesema kweli." Subilaga alinuna wiki nzima, lakini naye hakukataa kwamba ni kweli.

Yusta alikaa pale mpaka mtoto wa mgongoni akawa mwalimu huko Ruvuma. Alimsomesha kwa sare za shule. Ikifika Januari ua wote ulikuwa vipande vya kitambaa cha bluu, hata kuku walikuwa wanatembea navyo miguuni. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kugomba, na ukimkuta anashona huku anaimba, ungedhani cherehani ndiyo inayopiga kinanda. Mtu akiwa na homa, Yusta ndiye wa kwanza kugonga mlango na uji. Mtu akiacha bomba linatiririka, Yusta ndiye wa kwanza kugonga mlango bila uji.

Jambo moja tu lilikuwa halina mjadala kwake: ndoa. Kila msichana wa ile nyumba aliyekuja kumwonyesha pete alipata mahubiri yale yale. "Mimi mume wangu ni cherehani hii," alikuwa anasema. "Hairudi imelewa, haiulizi chakula kiko wapi, na nikiikanyaga inakwenda." Tukacheka, miaka na miaka.

Kumbe Mungu alikuwa anatusikiliza, na yeye anacheka.

Mwaka jana kwaya za kanisa lao zilikutana Makambako. Yusta alirudi kutoka huko akiwa na kitu, lakini sikujua ni kitu gani. Alianza kwenda kuongea na simu nyuma ya choo. Anasema mtandao uko huko.

"Shangazi, mtandao gani huo unaopenda chooni?" Asukile alimwuliza. Huyu Asukile ni mume wa Subilaga, mlango wa tano, fundi wa kuchomelea mageti, na mdomo wake hauna geti.

"Wateja wa sare," Yusta akajibu.

Mimi nikaamini. Tulikuwa mwezi wa sita, na shule zilikuwa zinafungwa, lakini niliamini.

Kama tungekuwa tunasali kanisa moja ningesikia matangazo. Lakini nyumba ya Bi Kaniz kila mlango una kanisa lake: Yusta Mmoravian, mimi Mlutheri, Subilaga ni wa kanisa la maombi ya kukesha, na Asukile kanisa analiona misibani. Kwa hiyo pale kwetu hakuna aliyejua kwamba Yusta ametangazwa kanisani kwake na kule Ipogolo pia, yeye na Saulo Kihwele, seremala, mgane, sauti ya besi.

Jumapili moja mchana tuko wote bombani. Baridi ile ya Mbeya, kila mtu amejifunika khanga juu ya sweta. Bi Kaniz ametoka kuchuma mnanaa wa chai. Yusta akaja na ufunguo mkononi, akasimama wima kama mtoto anayekwenda kusema shairi mbele ya wazazi.

"Jamani," akasema, "mimi naondoka. Nahamia Ipogolo, Iringa."

Ndoo zikatua chini.

"Wewe Yusta! Kwa nini?" Subilaga akauliza.

Baadaye aliniambia kwamba neno alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo asubuhi nzima. Neno lenyewe moja tu: naolewa. Lakini alipoinua macho akamwona Asukile meno yote nje, anasubiri. Akamwona yule binti wa mlango wa sita, ambaye juzi yake tu alimpa mahubiri ya cherehani mpaka akalia. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Kuna mgonjwa," akasema.

"Nani?"

"Mwenzetu wa kanisani. Saulo."

"Anaumwa nini?"

"Mgongo. Hawezi kuinuka."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu Pasaka."

"Yesu wangu!" Subilaga akashika kichwa. "Hana mke?"

"Alifariki."

"Watoto?"

"Wana kwao."

Nilisikia machozi yanakuja. Nikawaza, tazama mwanamke huyu, anaacha kazi yake na marafiki zake anakwenda kumgeuza mgonjwa kitandani. Bi Kaniz naye alikuwa ameacha mnanaa ukaanguka.

Yusta akanyoosha mkono kumpa ufunguo. Bi Kaniz akaurudisha nyuma ule mkono, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja juu ya ufunguo.

"Huhami," akasema. "Anayekwenda kuuguza hahami, anasafiri. Chumba chako nakufungia hata mwaka. Sipangishi mtu."

"Hapana, Bi Kaniz, mimi naona bora—"

"Nyamaza. Mgonjwa akipona utarudi kwako. Akifa, Mungu apishie mbali, utarudi pia."

"Lakini vitu vyangu! Kitanda..."

"Kitanda kinakaa. Nani anakwenda kuuguza na kitanda?"

"Na cherehani?"

"Ya nini? Mgonjwa anakwenda shule?"

Ndugu zangu, nimeona watu wengi wakifukuzwa nyumba za kupanga. Yusta ndiye mtu pekee niliyemwona anafungiwa ndani kwa huruma. Kesi yake hakuna mwenyekiti wa mtaa ambaye angeweza kuiamua. Kitanda kile cha mninga alikuwa anakihitaji kweli, maana Saulo alikuwa ameshamgawia mwanawe kitanda cha nyumbani kwake, akisema hawezi kumlaza mke mpya kwenye kitanda cha marehemu. Sasa bibi harusi yuko Ilomba na kitanda, bwana harusi yuko Ipogolo na sakafu, na katikati amekaa Bi Kaniz na wema wake.

Kwa nini asiseme tu? Nilimwuliza hivyo baadaye. Akaniambia, "Mama Sarah, uongo ni kama uzi uliojifunga kwenye sindano. Ukiuvuta, unakaza." Kilichomtisha zaidi ni ule mkataba. Aliingia kwa ukweli, katika mvua, akapokelewa. Sasa amesimama pale pale bombani akadanganya. Bi Kaniz hajawahi kumsamehe mpangaji aliyeondoka kwa uongo. Hata jina lake halitaji tena. Na Yusta alimpenda yule mama kuliko alivyompenda shangazi yake mwenyewe. Hakutaka kuolewa akiwa ameacha nyuma mlango ambao hawezi kuurudia.

Basi akakaa kimya, akitafuta upenyo wa kusema. Na sisi tukaanza kuhudumia mgonjwa.

Subilaga akaleta mkungu wa ndizi. Mlango wa nne wakaleta mchele wa Kyela, mlango wa sita wakaleta viazi na sukari ya uji. Bi Kaniz akaleta asali na chupa kubwa ya mafuta ya habasoda, akaeleza namna ya kumpaka: kuanzia shingoni kushuka, kwa kiganja, siyo kwa vidole. Asukile akaenda kwenye kibanda chake akatengeneza chuma cha kujishikilia, cha miguu minne, kama wanavyopewa wazee hospitalini, kwa mabomba yaliyobaki ya geti la mtu. Akakipaka rangi ya fedha. Juu kabisa akaweka na kishale kama cha geti, kwa mazoea.

"Kishale cha nini tena?" mkewe akamwuliza.

"Ili wezi wasimpande," akasema Asukile.

Mimi sina cha chuma wala cha asali. Nilifunga na kuomba. Nikawaambia na akina mama wa maombi ya Jumatano, nao wakamwombea Saulo wa Ipogolo kwa jina, mgongo wake, pingili kwa pingili.

Kilichonichanganya ni kwamba Yusta alikuwa akiletewa kitu analia, halafu akiingia ndani anaimba. Na siyo nyimbo za kuuguza. Nyimbo za kuchezwa! Nikajisemea, hiyo ndiyo imani, kumshukuru Mungu katika yote.

Halafu Jumanne nikaenda kuazima kiberiti kwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona mezani kitambaa cheupe kirefu, kinafika mpaka sakafuni, na Yusta anakikata kwa uangalifu mkubwa. Aliponiona akakirushia shuka juu.

Nikarudi kwangu bila kiberiti. Anashona sanda. Mgonjwa bado yuko hai, na Yusta anajua hatapona, anamwandalia sanda kimya kimya asitushtue. Nililia mpaka Sarah akamwita Subilaga, Subilaga akamwita Bi Kaniz, na kikao kikakaa chumbani kwangu.

"Hali ni mbaya kiasi hicho?" Bi Kaniz akauliza.

"Nimeiona kwa macho yangu. Nyeupe."

"Basi haendi peke yake," Bi Kaniz akasema. "Alhamisi tunamsindikiza wote. Akikata roho, Yusta asiwe na watu wageni."

Tulipomwambia Yusta, alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Wote?" akauliza.

"Wote," tukasema, tukamkumbatia.

Harusi ilikuwa Jumamosi.

Kwa hofu akampigia Saulo, nyuma ya choo, akamwambia kwa haraka, "Usitume gari la vitu. Nakuja na begi tu." Halafu simu ikaisha chaji. Sasa hebu fikiria wewe ni mwanamume umekaa Ipogolo kwenye chumba kisicho na kitanda, umeshakopa viti vya kanisa, na mwanamke anakwambia anakuja na begi tu. Mwanamke anayekuja kuolewa haji na begi tu. Anayekuja na begi anakuja kukuaga.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Tulikusanyika bombani: mkungu, mchele, viazi, asali, habasoda, na chuma cha Asukile kinang'aa katikati kama mgeni rasmi. Yusta alikuwa amevaa koti, begi miguuni, ufunguo mkononi. Midomo ilikuwa inamcheza. Sasa najua kwamba alikuwa anajipa moyo aseme, lakini mimi nikadhani anasali, nikaona nimsaidie.

"Tuombe," nikasema.

Wakafumba macho. Bi Kaniz naye akainua viganja vyake kwa namna yake. Nikaanza, na nikianza mimi sio mtu wa kumaliza upesi. Nikaomba kwa ajili ya safari. Nikaomba kwa ajili ya madaktari. Nikasikia gari kubwa limesimama nje, mlango wa gari ukabamizwa, na mtu akaingia uani anasema, "Hodi! Kamwene!" ndiyo salamu ya Kihehe.

Nikafumbua jicho moja. Mzee mrefu, mabega kama mlango, koti la suti juu ya sweta, kofia mkononi.

"Karibu, baba," nikamnong'oneza. "Tuko kwenye maombi. Tunamwombea mgonjwa."

Naye, Mungu ambariki, ni mtu wa kanisa. Hakuuliza. Akasimama kwenye duara kati ya Asukile na mkungu wa ndizi, akainamisha kichwa.

"Bwana," nikaendelea, "mwinue mtumishi wako Saulo! Unyooshe mgongo wake!"

"Amina!" akasema yule mgeni, kwa besi iliyotikisa ndoo.

Nikamwona Yusta amefumbua macho. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata moto.

"Na kama ni mapenzi yako kumchukua, Bwana, umpokee Saulo kwa amani!"

"Amina, amina!" akasema mgeni kwa uchungu wa kweli, mpaka Subilaga akaguswa naye akaanza kulia.

Tulipomaliza, Subilaga akajifuta macho, akamgeukia. "Asante kwa kutusaidia, baba. Unatoka wapi?"

"Ipogolo."

"Haleluya! Basi unamjua mgonjwa. Anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?"

"Saulo! Tuliyemwombea sasa hivi. Saulo wa kanisani kwao Yusta."

Mzee akafikiri. "Kanisani kwetu Saulo tuko wawili," akasema. "Mmoja ni mimi. Mwingine ni mjukuu wangu, bado ananyonya, na nimemwacha mzima."

Sote tukamgeukia Yusta. Hata kuku, nakwambia.

Lakini mzee hakuwa na habari na sisi tena. Alikuwa amemwona Yusta na begi lake. Uso ukamshuka, akaanza kuizungusha ile kofia mikononi.

"Yusta," akasema taratibu, "umesema unakuja na begi tu. Nimeondoka jana na gari la mbao nije nikusikie mwenyewe. Kama umeghairi, niambie. Nitarudi, sitakusumbua."

"Ameghairi nini?" Bi Kaniz akauliza.

Bi Kaniz akasogea mpaka pale bombani, akasimama alipokuwa amesimama siku ile ya mvua, akaiweka sawa shela yake.

"Yusta. Unakwenda wapi, na kwa nini?"

Yusta akamwangalia Saulo na kofia yake. Akatuangalia sisi na mkungu wetu.

"Nakwenda Ipogolo," akasema. "Naolewa, Bi Kaniz. Naolewa na huyu hapa, Jumamosi. Hakuna mgonjwa. Niliona haya. Mtu mzima mimi, nimewahubiria mabinti wa watu miaka yote, nikaona mtanicheka. Sijaghairi, Saulo. Nilikuwa naona haya tu, nikakwama."

Akaanza kulia. Saulo akaacha kuzungusha kofia. Na hakuna aliyecheka, maana wote tulikuwa tunamwangalia Bi Kaniz.

Bi Kaniz alimzunguka Saulo polepole, kama anavyozunguka jora la kitambaa dukani akitafuta kasoro. Alipofika nyuma akamgonga mgongoni kwa kidole kilichokunjwa. Ko, ko. Akasikiliza.

"Mgongo huu," akasema, "ndio haujainuka tangu Pasaka?"

Asukile akaanza kucheka, mkewe akamkanyaga.

"Ulinidanganya hapa hapa bombani," Bi Kaniz akamwambia Yusta.

"Nilikudanganya, mama."

"Mbele ya wenzako."

"Ndiyo, mama."

Bi Kaniz akatazama juu kwenye ukungu, anapiga hesabu zake za moyoni. Nami nikaomba tena, fupi safari hii.

"Mkataba wangu unasemaje?" akauliza. "Unasema siku ukiondoka. Jumapili uliondoka?"

"Hapana..."

"Jumapili ulipiga domo tu, ukarudi ndani ukalala. Unaondoka leo. Na leo umesema kweli." Akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo wangu."

Jamani, vigelegele! Subilaga alivipiga mpaka watu wa mashine ya kusaga wakazima mashine waje kuangalia. Yusta aliweka ufunguo kwenye kiganja, halafu akakishika kile kiganja asikiachie. Yule binti wa mlango wa sita alikuwa anaruka na pete yake juu, anaimba, "Cherehani imepewa talaka! Cherehani imepewa talaka!"

"Haijapewa," Yusta akasema huku analia na kucheka, "nayo inakuja!"

"Na ile sanda?" nikauliza mimi, bado nimeduwaa.

"Sanda gani, Mama Sarah?"

"Nyeupe. Ya mezani."

Yusta akaingia ndani akatoka nayo mikononi. Gauni. Lina mikono mirefu na vifungo vidogo vidogo mgongoni, kazi ya mtu anayejua kazi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Ilomba asubuhi ile ilikuwa inacheka na yenyewe.

Saulo alipoambiwa kwamba amekuwa akiumwa na sisi tumefunga na kumwombea, alikaa kwenye ukingo wa bomba akacheka kwa ile besi yake mpaka akashika mbavu. "Nimejiitikia amina!" akawa anasema. "Nimekubali nichukuliwe!" Halafu akavua koti, akaingia chumba cha tatu, akatoka na kitanda cha mninga mgongoni, peke yake, ameinama mlangoni kama konokono.

"Mgonjwa, polepole!" Asukile akapiga kelele. "Jamani mshikeni, ametoka kupona sasa hivi!"

"Leteni kile chuma chake!" wakaitikia wengine.

Saulo alikiangalia kile chuma kwa macho ya fundi. Akapitisha kidole kwenye maungio. "Nani amechomelea hapa?" akauliza. Asukile akajibu kwa woga kidogo kwamba ni yeye. "Kazi nzuri," Saulo akasema, na Asukile akanyamaza asubuhi nzima, jambo ambalo mkewe alikuwa ameliombea tangu waoane.

Kwetu, kitu ukikitoa kwa ajili ya mgonjwa hukirudishi ndani. Ni mkosi. Kwa hiyo mkungu, mchele, viazi, asali, habasoda, vyote vikapanda kwenye gari la mbao, na sisi tukapanda juu yake, maana tulikuwa tumeshafunga mizigo ya kusindikiza. Tofauti ilikuwa nyimbo tu. Bi Kaniz alikaa mbele na dereva, na kila tukisimama, Chimala, Makambako, Mafinga, alikuwa anashuka kuhakikisha gauni halijakunjamana.

Ipogolo tulipokelewa kama wazazi wa bibi harusi, na kwa kweli Bi Kaniz ndiye aliyemshika mkono Yusta mpaka mlangoni pa kanisa. Walipokuwa wanatia saini cheti cha ndoa akaninong'oneza, "Karatasi, karatasi. Wangewauliza tu wanatoka wapi na kwa nini." Mchele wa mgonjwa ukawa pilau. Kile chuma kilifungwa maua, juu yake ukawekwa ubao wa keki, kishale kikatokeza katikati. Saulo alicheza ngoma zote za Kihehe na za Kinyakyusa pia, alizofundishwa na Subilaga pale pale, anaruka na kushuka mpaka chini, na sisi tunampigia makofi: "Mgonjwa! Mgonjwa!"

Tulirudi Mbeya Jumapili. Tulikuwa hata hatujashusha mabegi simu yangu ikalia. Ni Yusta. Anaongea kwa sauti ya chini, kama aliye nyuma ya choo.

"Mama Sarah, mnaniombea?"

"Kuna nini tena?"

"Saulo hajainuka tangu asubuhi. Ni mgongo. Zile ngoma." Nikamsikia Saulo akiguna kwa mbali, na Yusta anajizuia kucheka, anashindwa. "Hebu mwulize Bi Kaniz, habasoda inaanzia shingoni au kiunoni?"

Nilicheka mpaka machozi. Nilimpa simu Subilaga, akaanguka juu ya ndoo. Asukile akaanza kuimba wimbo wa kuuguza. Bi Kaniz alikuwa bombani anamwagilia mnanaa. Nilipomweleza, alisimama na kopo lake la maji, akatafakari, na nikamwona anatabasamu polepole kwa macho kwanza.

"Mwambie shingoni, kwa kiganja," akasema. "Kumbe hata Jumapili ile hakunidanganya. Aliwahi tu."